Matangi Aliyoyakataa Baba Pacha

Mume wangu alipolikataa tangi la nne, nilijua ana mtu.

Simaanishi mwanamke. Mwanamke ningemjua siku hiyo hiyo, maana Baba Pacha hawezi kuficha hata maumivu ya jino. Namaanisha mnunuzi. Palikuwa na mtu anakitaka kiwanja chetu cha mashambani, mume wangu alikuwa amekwisha kumkubalia, na sasa ananizungusha kwenye maduka ya matangi mpaka mvua zije zipite, nichoke, niseme kwa kinywa changu mwenyewe: basi, tuuze. Na mtu huyo nilikuwa namjua kwa sura, kwa mwendo, na kwa jinsi anavyokoroga chai yangu kana kwamba kuna kitu kimezama chini ya kikombe. Alikuwa mdogo wake, shemeji yangu.

Mtasema nina roho ya kushuku. Ninayo, sikatai. Lakini kwanza mjueni huyo niliyekuwa namshuku.

Mimi humwita Baba Pacha kwa sababu ya mapacha wetu, ambao sasa ni watu wazima wenye makwao. Wenzake wa relini walimwita Nyundo. Kazi yake, tangu ujana mpaka anastaafu, ilikuwa kugonga magurudumu ya treni. Nikisema hivyo watu hudhani natania. Treni ikisimama stesheni, yeye alipita ubavuni mwake na nyundo yenye mpini mrefu, akagonga gurudumu moja moja, akasikiliza. Gurudumu zima hulia, na sauti ikabaki hewani hata nyundo ikishaondoka. Lenye ufa hujibu duf, likanyamaza. Gurudumu zima yeye alisema linasema, na bovu alisema halisemi. Akimaliza, kama yote yamesema, aliinua bendera ya kijani na treni ikaondoka.

Kuna asubuhi aliizuia treni nzima ya abiria. Watu walimtukana mpaka matusi yakawaishia, na mkuu wa stesheni akamwambia gurudumu lile limekaguliwa jana tu na watu wenye vyeti. Yeye akajibu, halisemi. Walipolifungua wakakuta ufa unaoingia ukucha. Tangu siku hiyo hakuna aliyebishana na sikio la Nyundo, na nyumbani nami sikubishana nalo.

Ugonjwa wake huo wa kugonga alikwenda nao kila mahali. Siku ya kwanza alipokuja kwetu kujitambulisha, alifunguliwa mlango, akaingia, akasalimia, kisha akarudi kuugonga kwa kidole. Baba yangu akamuuliza kama amesahau kitu. Akasema, "Shikamoo tena, mzee, lakini mlango wenu unaliwa kwa ndani." Ulikuwa unaliwa kweli. Jioni baba akanishauri nisiolewe na mtu anayesikiliza milango. Nikaolewa.

Kwa hiyo kwangu hakuna sufuria iliyoingia bila kugongwa, wala kikombe, wala kitanda. Tikiti maji aligonga mpaka wauza matunda wakampa jina lao, wakimwona kwa mbali wanaambiana, pangeni mstari, daktari wa mapafu huyo anakuja. Hakuwa bahili wala mkorofi. Hakuamini tu kitu ambacho hakijamjibu. Mimi nashona mapazia na foronya, na kitambaa kimenifunza somo lingine: muuzaji akikukunjulia upande mmoja, wewe omba kuona upande wa pili. Yeye alishuku vitu, mimi nikashuku watu, tukagawana kazi bila ugomvi.

Sasa kiwanja. Tulikipata zamani, nje ya mji, kwenye mteremko unaotazama bonde. Tulijenga kidogo kidogo nyumba ya vyumba viwili na baraza, tuwe tunakwenda Ijumaa jioni na kurudi Jumapili. Ikaisha. Bati likaezekwa, mifereji ya bati ikafungwa pembeni mwa paa, madirisha yakawekwa vioo. Maji ndiyo hapakuwa nayo. Bomba halifiki kule, kisima kiko chini bondeni, na mwenye mkokoteni wa madumu huja siku akijisikia. Mvua ya mwaka uliopita ilinyesha yote juu ya bati letu, ikapita kwenye mifereji yetu mizuri, ikaenda zake bondeni, na mimi nimesimama barazani sina maji ya kuoshea kikombe. Inauma, msione nasema hivi.

Kwa nini nilikitaka hivyo? Mjini tunaishi nyumba ya kupanga, na dirisha langu la kushonea linatazama ukuta wa jirani. Ukuta wenyewe haujapakwa rangi. Maisha yangu yote nimeshona mapazia ya madirisha ya watu wengine, watu wenye bustani na watu wenye bahari, nikawa nayapima, nayakunja, nawapelekea. Kule mashambani kuna dirisha moja linatazama bonde zima, na pazia lake lilikuwa limekwisha kushonwa, liko kabatini, jeupe lenye ukingo wa bluu. Lilikuwa linangoja tangi tu. Bila tangi hakuna anayeweza kulala kule siku mbili, na shemeji alikwisha kulisema hilo waziwazi, mbele yangu, huku anakoroga chai: "Kiwanja kisicho na maji ni cha kufugia kuku. Niachieni mimi mwenye kuku."

Alicheka aliposema hivyo. Mimi sikucheka. Nilimtazama mume wangu nione kama anacheka, na yeye alicheka, lakini alichelewa kidogo, baada ya mdogo wake. Nikaliweka hilo moyoni.

Tangi la kwanza lilikuwa la plastiki, jeusi, nene, zuri kwa macho yangu. Baba Pacha aliligonga kwa kifundo cha kidole, akainamisha kichwa, akasema halisemi. Muuzaji akamwambia kwa adabu, "Mzee wangu, plastiki kazi yake kutunza maji. Kusema hasemi yeyote hapa ila mimi." Niliona jibu ni la haki, lakini nikajua mume wangu ni mtu wa chuma, nikamwachia. Tangi la pili lilikuwa plastiki pia, la kijani, duka la jirani. Halisemi. La tatu lilikuwa la saruji, fundi mwashi alilijenga uani kwake ili wateja waone mfano. Baba Pacha alilizunguka, akaligonga juu na chini, akaweka kiganja. Halisemi. Mwashi akaudhika, akatuuliza kama tumekuja kununua tangi au kulihoji.

La nne lilikuwa la bati nene lililochovywa zinki, lenye mbavu zake, limesimama kwenye jukwaa la mbao. Hapo nikapumua. Nikasema moyoni, haya, chuma hicho, mkutane wenyewe. Baba Pacha safari hii alikuwa amekuja na nyundo yake ya kazi, ile waliyomwachia alipostaafu. Akaligonga.

Tangi likalia. Sisemi likalia kidogo. Liliimba mpaka meno yangu yakawasha, na paka aliyekuwa amelala juu ya marundo ya mabati akainuka akaondoka. Muuzaji akatabasamu. Mume wangu akainamisha kichwa, akamtazama muuzaji mdomoni, akanitazama mimi mdomoni, akashusha nyundo.

"Halisemi," akasema. "Twende."

Nilikuwepo pale kwa miguu yangu miwili. Masikio ninayo. Mtu anayekwambia mchana kweupe kwamba jua halijatoka, ama ni kipofu ama anakuibia, na mume wangu hakuwa kipofu. Ndipo nilipojua ana mtu.

Njia nzima ya kurudi sikusema neno, na yeye hata hakuuliza kwa nini. Nikaanza kukusanya ushahidi. Siku hizi simu ikiita, anaitazama, anaiacha ilie, au anatoka nayo mpaka nyuma ya nyumba. Nilimfuata mara moja nikajibanza kwenye kona. Alikuwa ameibana sikioni, anasema, "Njoo tu. Njoo tuonane," kisha akakata. Kesho yake shemeji akaja. Jambo gani hilo halisemeki kwenye simu? Nikimsemesha nikiwa kwenye cherehani, nimempa mgongo, hajibu. Amenuna, nikasema, dhamiri inamsuta. Taarifa ya habari ya jioni, ambayo zamani hata nyumba ingeungua angeomba moto usubiri, ameiacha. Nilipomuuliza akasema siku hizi wote wanaongopa tu, na hapo, kwa kweli, nilimuunga mkono.

Kubwa kuliko yote, alianza kunitazama mdomo. Nikizungumza, macho yake hayako machoni pangu, yako midomoni. Kwanza nilidhani anatazama pengo langu la jino. Kisha nikafikiri, hapana, huyu anachunguza nimejua kiasi gani.

Tena akawa anakubali kila kitu. Mume wa kubishana juu ya chumvi, leo kila nikisema, "sawa." Nikamjaribu. Nikiwa nimeinamia kitambaa nikasema, "Baba Pacha, nimeamua nikuozeshe kwa yule mjane wa nyumba ya pili, maandalizi yamekamilika." Akasema, "Sawa, hakuna neno." Mwanamume anayekubali kila kitu ana jambo, na hili halihitaji elimu.

Nikaamua kumbana shemeji. Alikuja mapema, kaka yake akiwa bado bafuni. Nikamwekea chai, nikaondoa kijiko, asipate pa kujificha.

"Shemeji," nikasema, "kile kiwanja unakitaka au hukitaki?"

"Nani asiyekitaka?" Akacheka. "Lakini siyo hicho kinachonileta hapa kila mara, shemeji."

"Kinakuleta nini?"

Akautazama mlango wa bafu, akanitazama mimi. Kicheko kikamtoka usoni. "Muulize mwenyewe. Mimi nimekatazwa."

Nimekatazwa. Mpe mwanamke kama mimi neno hilo moja na umempa kazi ya wiki nzima. Sikumuuliza mume wangu. Mwizi haulizwi kama ameiba, anafungiwa njia. Nikasema tangi la tano nitalichagua mimi, mahali nitakapopajua mimi, na kama atakataa tena nitamwambia kila nilichonacho tumboni mbele ya watu.

Nilipata karakana nje kidogo ya mji, wanaotengeneza matangi ya chuma wenyewe. Tulikwenda Jumamosi asubuhi. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa vibaya upande wa bonde letu, na nilikuwa nayaangalia kama mwenye deni. Uani palikuwa na tangi moja kubwa limelazwa ubavu, jipya, bado lina harufu ya kuchomelewa, na tundu lake la juu, ambalo likisimamishwa mtu hulifikia kwa ngazi, sasa liko usawa wa kiuno. Mwenye karakana alikuwa mtu mwembamba mwenye maneno mengi. Alituambia hilo ndilo tangi, mengine yote mjini ni makopo.

"Hayo ni maneno," nikamwambia. "Tutajuaje halivuji?"

"Mtu anaingia ndani, anafunikiwa. Ndani giza. Akiona nyota, kuna tundu. Asipoona, hakuna."

Baba Pacha hakusogea. Alikuwa analitazama tangi tu, nyundo mkononi. Mabega yake hayapiti pale, hata mwenye karakana aliona hilo. Basi ni mimi. Nikavua viatu, nikafunga kanga vizuri, na hapo, mguu mmoja ukiwa ndani, nikasita. Mwanamke anayefikiri mumewe anamchezea, anaingia kwenye tangi la chuma, na mumewe ndiye anashika kifuniko. Nimesikia mambo ya ajabu zaidi ya hayo. Nikamwambia mwenye karakana, si mume wangu, "Wewe baki hapo hapo nikuone."

Nikaingia. Kifuniko kikawekwa. Giza likawa giza kweli, na harufu ya chuma ikanijaa puani. Nikageuka polepole, nikatazama kila upande, juu, miguuni, kwenye mishono ya kuchomelea. Hapakuwa na nyota hata moja. Hilo lilikuwa tangi langu. Niliona kabisa maji yakiwa humo, na dirisha, na pazia.

"Halina tundu," nikaita. "Fungua."

Badala ya kufungua, akagonga.

Siwezi kuwaeleza sauti ile. Ilinipiga kila upande kwa wakati mmoja, ikaingia kwenye mifupa. Nikapiga kelele, "Acha, Baba Pacha, nimo ndani!" Akagonga tena, kwa nguvu zaidi. Nikaziba masikio, nikapiga ukuta wa tangi kwa ngumi, nikamtukana, tusi ambalo sikulitumia tangu tuoane. Akagonga tena na tena. Sauti ya mwenye karakana nilikuwa naisikia kwa mbali inasema, mzee, mama yumo, mzee. Nikawaza, anafanya makusudi. Ananiadhibu. Nikasukuma kifuniko kwa mabega, kikaanguka, nikatoka nimekunja ngumi, na haki ya Mungu nilikuwa nakwenda kumpiga.

Nikamkuta amelaza shavu juu ya tangi. Macho ameyafumba. Mkono mmoja umeshika nyundo, wa pili kiganja kimeenea kwenye chuma, ndivyo alivyokuwa akifanya ujana wake kwenye magurudumu, nilipokuwa nikimpelekea chakula stesheni. Mwenye karakana alikuwa ameziba masikio. Mafundi wawili walikuwa wametoka ndani na vinyago vyao vya kuchomelea, wameviinua, wanatazama. Akagonga mara nyingine, kwa nguvu zake zote, sauti ikaenda mpaka barabarani, mtu wa baiskeli akageuka.

"Halisemi, Mama Pacha," akasema. "Nimegonga kwa nguvu zote. Hata hili halisemi."

Ngumi yangu bado ilikuwa imekunjwa. Alifumbua macho, yakaja moja kwa moja midomoni kwangu, yakangoja pale.

Sijui nani alinipa wazo lile. Nikafungua mdomo nikasema bila sauti yoyote, midomo tu, pumzi nimeizuia: "Unanisikia?"

"Nakusikia," akasema. "Kwa nini?"

Mafundi wakatazama chini. Simu, cherehani, taarifa ya habari, mjane wa nyumba ya pili, vyote vikaja kwa pamoja, na kila kimoja kina uso mwingine. Nilikuwa naishi na kiziwi ndani ya nyumba moja, na akili yangu yote hii ya kuomba upande wa pili wa kitambaa ilikuwa inamtafuta mwizi. Niliona aibu. Nikamwonea huruma. Nikamgeukia mwenye karakana nikamwambia tunalichukua hili, aite gari, na asiseme neno lingine la kulisifia.

Tulikaa kwenye benchi la nje kungoja gari la kubebea. Nikakaa upande, uso wangu kwake, ili aone.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

Akajua nimejua. Hakujaribu hata kubisha. Aliilaza nyundo mapajani. "Ilikwenda polepole. Kwanza sauti nyembamba. Ndege. Kisha simu."

"Mdogo wako anajua?"

"Anajua sikio. Ndiye anataka anipeleke kwa daktari kila siku, na mimi namkatalia na kumkataza asikwambie." Akaigeuza nyundo mapajani. "Hajui magurudumu."

Sikuelewa. Magurudumu gani tena, mtu amestaafu? Nikamtazama tu, na yeye akaitazama nyundo wakati anasema, ili asinione midomo.

"Ilianza kabla sijastaafu, Mama Pacha. Kabla, tena si kidogo. Asubuhi moja niligonga treni nzima, toka mbele mpaka nyuma, na gurudumu hata moja halikusema. Nikarudi nikagonga tena. Kimya. Nikajua haiwezekani yawe mabovu yote. Bovu ni mimi."

"Ukafanya nini?"

Hakuniona, hakunisikia, lakini alijibu. "Nikainua bendera ya kijani. Ningesema wangenitoa siku ile ile, na mapacha walikuwa bado chuoni. Nikasema kesho labda sikio litafunguka. Kesho nikainua tena. Nikawa napapasa kwa kiganja, nakodoa macho. Lakini ufa wa ndani hauonekani kwa macho, mimi ndiye ninayejua hivyo kuliko wote." Akapangusa mpini wa nyundo kwa kidole gumba, mara nyingi, mahali pamoja. "Siku ya kuniaga walinipigia makofi wakasema, tangu Nyundo akabidhiwe stesheni hii, hatujapata ajali. Nilikula chakula chao. Nikajiapiza, kitu ambacho hakijasema sitakipitisha tena maisha yangu. Sasa matangi. Nagonga, nangoja. Nitakwambiaje hili ni zima?"

Alikuwa ananiomba radhi kwa ajili ya matangi. Nilikuwa karibu kumwambia yaishe, tangi limesema, nimelisikia mimi kwa niaba yako, mpaka mawazo yangu yakatembea hatua moja zaidi, yenyewe, kwa mazoea yake ya kushuku.

Miaka ile ya mwisho wake kazini ndiyo miaka aliyougua mama yangu. Mke wa mtu wa reli hapandi basi. Tulikuwa na pasi ya familia. Kila mwezi nilipanda treni ile, asubuhi, kutoka stesheni ile, nikae na mama siku mbili tatu nirudi. Na Baba Pacha alikuwa akipita ubavuni na nyundo yake, anafika kwenye dirisha langu, ananiuliza kama nimechukua maji ya kunywa, ananiambia nimsalimie mkwewe. Kisha anaendelea mpaka mwisho wa treni. Nilikuwa namwona kwa dirishani anapoinua bendera. Nilikuwa najivunia.

Nikamshika kidevu nikamgeuza uso anitazame.

"Na mimi nilikuwemo," nikasema.

Nilisema kwa sauti au bila sauti, sikumbuki. Aliisoma. Macho yake yakajaa maji, lakini hayakukimbia.

"Najua."

"Ulijua nimo, ukainua."

"Behewa lako," akasema, "nilikuwa naligonga mara mbili."

Alilisema kama mtu anayetaja zawadi aliyonipa zamani nikaisahau. Nikauchukua mkono wake uliokuwa juu ya nyundo, nikaubana kwa nguvu zangu zote za kukatia vitambaa, nikitaka aumie. Hakuutoa.